Tela Litulie Barabarani: Mwongozo kwa Mlaji Anayekusudia Kubadili Springi

Katika Mkoa wa Tanga, tela dogo linalokokotwa na gari la kawaida ni chombo cha kazi nyingi. Hubeba machungwa ya Muheza kwenda mjini, viti na maturubai ya shughuli, tangi la maji la shambani, au mashua ndogo pamoja na injini yake kwenda ufukweni Pangani. Wakati mwingine hubeba mahema, magodoro na vyombo vya familia inayokwenda kupumzika Ushongo au kuitembelea Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Wenye matela hayo wana lalamiko linalofanana: tela linadunda. Matunda hufika yamepondeka, taa za nyuma hukatika, boliti hulegea, na dereva hushuka amechoka kwa sababu gari lilikuwa likisukumwa na kuvutwa kwa nyuma safari nzima.

Mwenye tela anapopeleka lalamiko hilo gereji, mara nyingi hupewa jibu moja: aongeze springi. Hulipa, huondoka, na baada ya safari moja hugundua kwamba tela linadunda kuliko mwanzo. Hapo fedha imekwenda, na hatari imeongezeka. Kwa sababu hiyo tumeona ni vema kueleza hapa jinsi springi zinavyofanya kazi, mambo ya kukagua kabla ya kununua chochote, na haki alizonazo mlaji anapopatana na fundi au muuzaji wa spea. Shauri letu la msingi ni kwamba springi nzuri kwa tela ni ile inayolingana na uzito ambao tela hilo hubeba kweli. Springi iliyo ngumu kupita uzito huo ni hasara, hata ikiwa mpya na imara.

Kinacholifanya tela lidunde

Springi hubeba uzito wa tela na kuruhusu gurudumu lipande na kushuka kwa kufuata barabara bila kulirusha bodi zima. Matela mengi madogo hutumia springi za mabapa, yaani vipande bapa vya chuma vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Tela linapopakiwa, springi hushuka kidogo. Kushuka huko si kasoro. Ndiko kunakoipa springi nafasi ya kunyooka tena gurudumu linapoingia katika shimo, ili tairi liendelee kugusa ardhi.

Tuchukue mfano. Tuseme jozi ya springi zilizotolewa katika pikapu hushuka sentimita 6 zinapobeba kilo 1,000. Zikifungwa katika tela ambalo pamoja na mzigo wake huzilemea kwa kilo 300 tu, zitashuka chini ya sentimita 2. Gurudumu likikutana na shimo la sentimita 4, springi haina tena nafasi ya kunyooka kiasi hicho. Tairi litaning'inia hewani, kisha litagonga ukingo wa pili wa shimo kwa kishindo. Jozi nyingine, inayoshuka sentimita 6 kwa kilo 600, itakuwa imeshuka sentimita 3 chini ya mzigo uleule wa kilo 300, na tairi litakaa ardhini kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana tela tupu hudunda kuliko tela lililopakiwa, na ndiyo maana springi za gari kubwa hazifai kwa kazi ndogo.

Upande wa pili wa jambo hili nao una madhara. Springi laini mno hukandamizwa hadi mwisho, ekseli ikagonga chesi, na kila tuta likawa pigo la nyundo. Katika barabara ya Segera hadi Tanga, kupitia Hale, Muheza na Pongwe, matuta na rasta za vijijini zitaidhihirisha kasoro hiyo mapema.

Shokapu ina kazi tofauti na springi. Haibebi uzito, bali huzuia springi isiendelee kupanda na kushuka baada ya pigo kupita. Matela mengi madogo hayana shokapu kabisa, kwa kuwa msuguano kati ya bapa na bapa hufanya sehemu ya kazi hiyo. Msuguano huo hautoshi katika barabara ndefu ya udongo yenye mikunjo kama ya bati, ambako mapigo hufuatana bila kupumzika.

Kwa nini kuongeza mabapa huleta matatizo

Ugumu wa springi hupanda haraka kuliko wengi wanavyodhani. Springi yenye mabapa 4 yanayofanana ikiongezewa mengine 2 ya aina hiyohiyo, ugumu wake huongezeka kwa takribani nusu. Unene wa bapa una nguvu zaidi: bapa la milimita 8 lina ugumu wa zaidi ya mara 2 ya bapa la milimita 6 lenye urefu na upana uleule. Kwa hiyo mabadiliko yanayoonekana madogo mezani kwa fundi huwa makubwa barabarani.

Mlaji aelewe pia kwamba kuongeza mabapa hakuongezi uwezo wa tela kubeba. Uwezo huo hupimwa kwa kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote: ekseli, beringi, tairi, rimu, mkono wa kukokotea, au breki za gari linalokokota. Springi ngumu huficha dalili. Tela halilali tena linapozidishiwa mzigo, mwenyewe huamini kuwa limepata nguvu, na ekseli huendelea kupinda taratibu mpaka siku ya kukatika. Uzito wa tela tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa huandikwa katika kadi ya usajili. Takwimu hizo hazibadiliki kwa sababu springi zimebadilishwa.

Mambo ya kufanya kabla ya kununua

Tunamshauri mlaji afuate hatua zifuatazo kwanza. Nyingi hazina gharama kubwa, na mara nyingi tela hutulia kabla ya kufika gereji.

1. Pima uzito halisi. Lipakie tela kama linavyopakiwa siku ya safari, kisha lipeleke penye mizani ya magari na uombe kupimiwa. Pima pia likiwa tupu. Andika takwimu zote mbili, kwa sababu bila hizo hakuna fundi anayeweza kuchagua springi kwa uhakika.

2. Panga mzigo. Vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli, kidogo upande wa mbele. Sehemu ya uzito inayokaa juu ya kulabu ya gari isiwe ndogo mno. Kipimo kinachotumika sana ni takribani asilimia 10 ya uzito wote wa tela, yaani kilo 80 kwa tela la kilo 800, mradi kisizidi kiwango kilichowekwa na mtengenezaji wa gari na wa kulabu. Mzigo ukirundikwa nyuma, mkono wa tela huinuliwa, na tela huanza kuyumba kulia na kushoto hasa kwenye mteremko. Hakuna springi inayoweza kuponya kasoro hiyo.

3. Rekebisha upepo wa tairi. Kiasi kilichochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu. Tairi lililojazwa hadi kikomo hicho huku tela likiwa na mzigo mdogo huwa gumu kama jiwe. Tafuta kipimo kinacholingana na mzigo, na upime tairi likiwa baridi. Tazama pia umri wa tairi: tarakimu 4 za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019.

4. Kagua viungo. Inua gurudumu kwa jeki na ulitikise. Likicheza, tatizo linaweza kuwa beringi. Angalia bushi kwenye ncha za springi, boliti za umbo la U zinazoibana springi na ekseli, na nyufa kwenye vishikizo vilivyochomelewa chini ya chesi. Bushi iliyolika hutoa kishindo ambacho wengi hudhani ni springi.

5. Tazama usawa. Tela likiwa limefungwa kwenye gari na kupakiwa, lilale sawa na ardhi. Likiinua pua, uzito hukimbilia nyuma. Mara nyingi dawa ni kurekebisha urefu wa kulabu.

Machaguo yaliyopo

Hatua hizo zikikamilika na tela bado linadunda, mlaji anaweza kufikiria mojawapo ya njia zifuatazo.

Springi mpya za mabapa zinazolingana na uzito. Hii ndiyo njia inayowafaa walaji wengi wa pwani yetu. Spea zake hupatikana, fundi wa kawaida huzielewa, na ikivunjika njiani inaweza kurekebishwa mahali pengi. Springi zibadilishwe kwa jozi. Upande mmoja mpya na mwingine mkuukuu hulifanya tela lilale na kuvuta gari upande.

Kuongeza shokapu. Njia hii huwafaa wanaosafiri mbali katika barabara za udongo huku springi zao zikiwa na ugumu unaofaa. Fundi awe na uwezo wa kuweka vishikizo imara kwenye chesi na kwenye ekseli, na shokapu iwe na nafasi ya kutosha ya kurefuka na kufupika. Shokapu fupi mno itazuia springi kufanya kazi na itang'oka.

Ekseli ya mpira. Hapa gurudumu huunganishwa na mhimili uliobanwa na mpira ndani ya bomba la chuma. Hupunguza mtetemo vizuri na haina mabapa ya kushika kutu. Kasoro yake ni kwamba kila moja hutengenezwa kwa uzito maalumu, na mpira ukichoka, kwa kawaida ekseli nzima hubadilishwa. Mlaji anayenunua iliyotumika hawezi kuuona mpira huo kwa macho.

Springi za kujisokota na mifuko ya hewa. Hizi huonekana zaidi katika matela ya kulala yaliyotengenezwa kwa safari ndefu. Huleta utulivu mkubwa, lakini huhitaji chesi iliyobuniwa kwa ajili yake. Kuzipachika katika tela la kawaida ni sawa na kulijenga upya, na mfuko wa hewa ukitoboka mbali na mji hakuna wa kuusaidia upesi.

Chumvi ya bahari na udongo wa pwani

Vitabu vya watengenezaji wa nchi za mbali haviwezi kujua hali zetu zote. Hewa ya Tanga, Pangani na Mkinga ina chumvi, na chumvi huingia kati ya bapa na bapa. Kutu ikishika, mabapa hugandana na springi nzima hufanya kazi kama kipande kimoja kinene. Mwenye tela hulalamika kuwa springi zimekuwa ngumu, na huenda akauziwa nyingine, ilhali zilizopo zilihitaji kufunguliwa, kusuguliwa, kukaguliwa na kufungwa upya.

Wanaoshusha mashua majini wana tahadhari ya ziada. Baada ya safari, kitovu cha gurudumu huwa na joto. Kikizamishwa ghafla katika maji ya bahari, hewa iliyo ndani hupoa na kunywea, na maji ya chumvi huvutwa kupita kwenye sili hadi kwenye beringi. Subiri kipoe kabla ya kuzamisha. Siku hiyohiyo, osha tela lote kwa maji baridi, hasa chini, na ubadilishe grisi mara kwa mara kuliko anayesafiri nchi kavu.

Wakati wa masika, udongo mweusi wa upande wa Saadani hunata kwenye magurudumu na springi na kuongeza uzito. Udongo huo ukikauka juu ya shokapu na bushi, hufanya kazi ya msasa. Uondolewe kabla ya safari nyingine.

Spea zilizotumika na kazi ya kuchomelea

Si kila spea ya mtumba ni mbaya, lakini springi ni chuma kilichopitishwa motoni na kupozwa kwa utaratibu maalumu ili kiwe na uwezo wa kujirudi. Uwezo huo hupotea kikichomwa tena ovyo. Kwa hiyo mlaji akatae springi iliyochomelewa, iliyotobolewa tundu jipya, au iliyokunjwa upya kwa moto wa gesi. Springi ya namna hiyo inaweza kuonekana nzima dukani na kuvunjika ghafla ikiwa na mzigo. Springi ikikatika upande mmoja, ekseli hurudi nyuma, gurudumu hugeuka, na tela linaweza kuingia upande wa magari yanayokuja.

Anayenunua spea iliyotumika aisafishe kwa brashi ya chuma na kuikagua mchana. Atafute nyufa karibu na tundu la katikati na kwenye pete za ncha, na alinganishe urefu na mpindo wa springi zote mbili zikiwa zimewekwa chini pamoja. Boliti za umbo la U ziwe mpya kila springi zinapobadilishwa, kwa kuwa za zamani zilikwisha kurefuka zilipokazwa.

Mapatano na fundi, na haki za mlaji

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anapomweleza muuzaji wa bidhaa hizo matumizi anayokusudia, na kuutegemea ujuzi wa muuzaji huyo, kuna sharti la kisheria kwamba bidhaa itafaa kwa matumizi hayo, hata kama jambo hilo halikutamkwa. Ulinzi huo hupungua mnunuzi anapotaja jina la bidhaa tu. Anayesema “nipe springi za pikapu ya aina fulani” amechagua mwenyewe. Anayesema “nahitaji springi za tela la ekseli moja, uzito wote kilo 800, kwa barabara ya udongo” amemwachia muuzaji wajibu wa kuchagua inayofaa. Tunashauri maneno hayo yaandikwe katika risiti au katika karatasi ya mapatano.

Karatasi ya mapatano haihitaji lugha ya mahakama. Itaje kazi itakayofanywa, spea zitakazotumika na kama ni mpya au zimetumika, bei ya spea na ya ufundi kila moja peke yake, siku ya kumaliza, na muda wa dhamana. Dai risiti ya EFD. Omba urudishiwe spea za zamani zilizofunguliwa, kwani ndizo ushahidi wa kazi iliyofanyika.

Kazi ikiwa mbaya, mweleze fundi au muuzaji kwa maandishi na umpe nafasi ya kurekebisha. Usilifungue tela mwenyewe kabla hajaliona, na piga picha. Akikataa, mlaji anaweza kupeleka lalamiko Tume ya Ushindani, ambayo husimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza upotoshaji wa walaji, na pia hushughulikia bidhaa bandia. Shaka kuhusu ubora wa spea mpya ipelekwe Shirika la Viwango Tanzania. Madai ya fedha yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Aidha, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamwajibisha anayeendesha chombo kibovu barabarani. Ajali ikitokea, kusema kwamba fundi ndiye aliyefunga hakutamwondolea dereva maswali. Anayebadili ekseli au muundo wa tela aiarifu pia kampuni yake ya bima kabla ya kusafiri.

Safari ya majaribio

Baada ya kazi, usiende moja kwa moja safari ndefu. Anza na tela tupu, kisha nusu ya mzigo, kisha mzigo kamili, katika barabara unayoifahamu na kwa mwendo mdogo. Simama baada ya kilometa chache na ushike kitovu cha kila gurudumu kwa tahadhari. Kimoja kikiwa na joto kali kuliko kingine, beringi au breki ina kasoro. Boliti za umbo la U zikazwe tena kabla ya kutimiza kilometa 100. Safari ya Tanga hadi Muheza na kurudi inatosha kwa jaribio hilo.

Tela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu na ushike usukani ukiwa umenyooka mpaka mwendo upungue. Usikanyage breki kwa ghafla, na usijaribu kulinyoosha kwa kuongeza mwendo. Simama mahali salama, angalia mzigo, na uupange upya.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa

– Je, ninazo takwimu za uzito wa tela likiwa tupu na likiwa limepakiwa?
– Je, nimekwisha kupanga mzigo na kurekebisha upepo, na tela bado linadunda?
– Je, fundi ameniuliza uzito na barabara ninazopita, au ametaja bei tu?
– Je, springi ninazouziwa zimewahi kuchomelewa, kutobolewa au kukunjwa kwa moto?
– Je, uwezo wa ekseli, tairi na kulabu unatosha kwa mzigo ninaokusudia?
– Je, mapatano yameandikwa, na risiti inataja kazi niliyoagiza?

Asiyeweza kujibu ndiyo kwa swali la kwanza aanzie kwenye mizani kabla ya kwenda gereji.